Tuwafundishe Vijana Jinsi Kompyuta Ingojavyo

Siku moja, katika ofisi fulani mjini Dodoma, nilisimama katika foleni ndefu mbele ya karani ambaye kompyuta yake ilikuwa imeganda. Alibonyeza kitufe, akabonyeza tena, skrini haikujibu. Wananchi waliokuwa nyuma yangu walikata shauri mara moja: mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Fundi alipofika alieleza jambo jingine kabisa. Mashine ilikuwa nzima. Programu ilikuwa imeomba habari kutoka mbali, na mpaka jibu lirudi haikuweza kufanya jambo lolote, hata kutambua kuwa kitufe kimebonyezwa.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi. Katika shule zetu tunajitahidi kuwafundisha wanafunzi kuchapa barua na kupanga hesabu katika majedwali, lakini ni mara chache tunawaeleza jinsi kompyuta ingojavyo. Maoni yangu ni kwamba somo hili halina budi kuwa miongoni mwa masomo ya mwanzo ya kila kijana wa sekondari anayejifunza kuandika programu.

Tuanze na hesabu. Prosesa yenye mapigo bilioni 1 kwa sekunde si kitu cha ajabu siku hizi. Diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3 hivi, katika muda huo prosesa hiyo hupiga mapigo zaidi ya milioni 8. Sasa tuchukue shule iliyo mbali na nyaya, inayopata mtandao kwa setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Ombi hupanda na kushuka, na jibu vivyo hivyo, jumla kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa nuru, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde, yaani mapigo milioni 500.

Je, nani hungoja? Programu haiigusi diski wala waya yenyewe. Hupeleka ombi kwa mfumo endeshi kwa njia iitwayo mwito wa mfumo. Mwito wa kawaida wa kusoma huilaza programu mpaka data ifike. Mfumo endeshi wenyewe haulali: huipa programu nyingine zamu, na kifaa kinapomaliza kazi hutoa ishara ya kukatiza. Utaratibu huo ni wa zamani. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1962, ilifanya kazi hivyo. Ni kama mkuu wa stesheni ya reli: hasimami njiani akikodoa macho upande wa Morogoro, bali huendelea na vitabu vyake mpaka kengele ilie.

Hata hivyo, programu iliyopiga mwito imelala, na kama inawahudumia watu mia moja, wote wamekwama kwa ajili ya mmoja. Ndipo wataalamu walipotafuta njia nyingine. Mwaka 1983 Unix ya Berkeley ilileta mwito uitwao select, ambao huiwezesha programu kuuliza: kati ya milango hii yote, ni upi wenye mgeni tayari? Njia hii hufaa sana kwa mtandao, lakini ina mtego. Faili la kawaida katika diski huhesabiwa kuwa tayari wakati wote, hata kama data yake bado haijaletwa katika kumbukumbu. Programu ikienda kusoma, hulazwa vilevile.

Njia ya pili ni kukabidhi kazi nzima na kuarifiwa itakapokwisha. Katika Linux, utaratibu uitwao io_uring, ulioingizwa mwaka 2019, hutumia foleni mbili za mviringo: moja ya maombi, nyingine ya majibu. Programu huweka maombi mengi, huyawasilisha kwa mwito mmoja, kisha huendelea na shughuli zake na kuchukua majibu kadiri yanavyofika.

Wapo walimu watakaosema kwamba mambo haya ni mazito mno. Hoja yao ina uzito. Majibu huweza kufika pasipo kufuata mpangilio wa maombi, na mwanafunzi asiyejihadhari atasoma sehemu ya kumbukumbu kabla haijajazwa, au ataiandikia kitu kingine ilhali kifaa bado kinaitumia. Tena, utaratibu huu hauiharakishi diski wala hauifupishi safari ya setilaiti; na pale ambapo prosesa imelemewa na hesabu, haufai kitu. Hayo ndiyo mambo ambayo kijana anapaswa kuyapima mwenyewe.

Wala somo halihitaji kuanzia kwenye mashine. Mwalimu na amteue mwanafunzi mmoja awe prosesa, na wengine watatu wawe vifaa, wa kwanza akihitaji dakika 4 kumaliza kazi yake, wa pili 6, na wa tatu 5. Prosesa akimngoja kila mmoja kwa zamu, kazi itachukua dakika 15. Akiwakabidhi wote kazi kwa pamoja, itakwisha kwa dakika 6 na ushei, naye atakuwa amefanya hesabu zake katikati. Baada ya hapo, msimbo utaeleweka kwa urahisi zaidi.

Tusisahau historia yetu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine hizo kuleta hasara kuliko faida. Leo Dodoma ina Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, na ndiyo makao makuu ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Programu zitakazowahudumia wananchi wetu zitaandikwa na vijana walio madarasani sasa. Shule yenye fedha kidogo, kabla ya kununua mashine mpya, yahitaji mtu wa kuuliza: hii ya zamani imechoka, au inangoja tu?