Viporo vya michezo ya video visikunyime usingizi

MSOMAJI, hebu leo jioni fungua PlayStation au kompyuta yako uhesabu michezo uliyoinunua, ukaianza na hujaifikisha mwisho. Nazungumzia ile ya mchezaji mmoja yenye hadithi ndefu, kama vile The Witcher 3 ya mwaka 2015 au Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018. Huenda ukapata mitano, kumi au hata thelathini. Wapo wengi wanaoviona viporo hivyo kuwa deni, na deni hilo hulilipa kwa usingizi wao. Maoni yangu ni kwamba hakuna anayekudai.

Kwanza tujiulize viporo hivi vinatoka wapi. Zamani mchezo ulikuwa kaseti au sidii ya bei ghali, na kijana aliurudia mpaka akaumaliza kabla ya kupata mwingine. Siku hizi duka la Steam hupunguza bei mara kadhaa kwa mwaka, na lile la Epic lilianza kutoa michezo ya bure mwezi Desemba 2018. Kununua huchukua dakika moja, ilhali kucheza huchukua wiki nyingi. Si ajabu basi kwamba orodha hurefuka kila uchao.

Tupige hesabu kidogo. Hadithi kuu ya Red Dead Redemption 2 peke yake huchukua takriban saa 50. Mtu mwenye kazi na familia akipata saa moja kila jioni, siku tano kwa wiki, atahitaji wiki 10. Akiwa na michezo kumi ya urefu huo, hizo ni wiki 100, yaani karibu miaka miwili, bila kununua mwingine. Anayetaka kuifuta orodha yote upesi hana budi kuiba saa mahali, na mahali rahisi pa kuiba ni usiku.

Hapo ndipo afya inapoingia. Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi nchini Marekani walipendekeza kwamba mtu mzima alale angalau saa 7 kila usiku. Anayecheza hadi saa nane usiku kisha akaamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu, amelala saa 3 tu. Kukosa usingizi kwa muda mrefu huhusishwa na shinikizo la damu, kisukari, unene wa kupita kiasi na sonona, mbali na ajali za barabarani na kazini.

Ni kweli kwamba kuacha jambo katikati huudhi. Mwaka 1928 mwanasaikolojia Maria Ovsiankina alionyesha kuwa watu waliokatizwa kazi huirudia wenyewe hata bila kuahidiwa malipo. Pesa nazo hutufunga. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jinsi watu waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu wa maigizo walivyohudhuria zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko waliopunguziwa bei. Lakini pesa zilizokwisha kutoka hazirudi kwa sababu umekesha.

Wengine watasema kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Methali hiyo inafaa kwa masomo, shamba na ndoa. Mchezo ni wa kupumzisha akili baada ya kazi, na ukikugeukia kuwa kazi ya pili, umekosa kile ulichokinunulia.

Nakushauri hivi. Chagua mchezo mmoja tu kwa wakati mmoja, kwani mshika mbili moja humponyoka. Weka saa ya kuzima, na uiheshimu hata kama adui amebakisha pigo moja. Katika daftari, andika ulipofikia na ulichokuwa ukikitafuta, maana arudiaye mchezo baada ya miezi sita husahau hadithi na hata vitufe. Baada ya mchezo mrefu, cheza mfupi kama Journey wa mwaka 2012, ambao huisha kwa takriban saa 2. Na ule usiokupendeza tena, tazama mwisho wake kwenye YouTube kisha uufute. Huo pia ni kuumaliza.

Hata hivyo, tusichanganye viporo na maradhi. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kucheza michezo ya video katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote na kuendelea hata unapokuletea madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Ukijiona hapo, au ukimwona mwanao, usione haya kumwendea daktari au mshauri nasaha.

Lakini ikiwa shida yako ni orodha ndefu tu, zima mashine ukalale. Mchezo ulioununua utakungoja. Mwili wako hautangoja.