Saa ya kifaranga huanza kuhesabika kabla hujalipia



Leo naweka pembeni ratiba ya chanjo na bei ya chakula. Nataka tubishane kidogo kuhusu maneno ambayo kila muuza vifaranga anayajua kwa moyo, na sisi maafisa tumesaidia kuyaeneza: "Usiwe na wasi, kifaranga anavumilia siku tatu bila kula wala kunywa."

Mimi mwenyewe nimeyasema, tena kwa kujiamini. Ilikuwa mwezi wa Julai, huku kwetu Makambako, na wote mnaijua baridi ya Julai. Kikundi cha vijana sita kilikuwa kimepata mkopo wa vijana wa halmashauri. Mmoja wao ni dada aliyekuwa akiuza chipsi kuku stendi, kwa hiyo soko alilijua kuliko mimi. Walikuwa wameagiza chotara 500 kutoka Dar kupitia wakala. Jioni moja wakanipigia: "Bwana mifugo, vifaranga wanapanda basi kesho alfajiri. Kuna shida?" Nikajibu, "Hamna shida, wale wanavumilia siku tatu." Nikakata simu nikaendelea na mambo yangu.

Kufikia siku ya nne vifaranga 140 walikuwa wamekufa.

Kikundi kizima kilikuwa kinamlaani mtotoleshaji. Ukweli ni kwamba na mimi nilianza na yeye. Nikapasua kumi na mbili nikitegemea kukuta kitovu kilichooza au dalili za kuhara nyeupe, ugonjwa ambao kifaranga anaweza kutoka nao kwa mama yake kupitia yai. Sikuona hivyo. Nilikuta miguu iliyokauka, figo zimevimba na zina weupe, na kiini cha yai kimebaki tumboni bila kutumika. Wengine firigisi zao zilikuwa na maranda. Yaani kifaranga amekula sakafu kwa sababu chakula hakukiona. Hizo ni dalili za kiu na baridi.

Tuhesabu saa pamoja

Nikampigia mtotoleshaji, akanieleza bila kuficha. Hapo ndipo nilipoona kosa letu liko wapi.

Mayai ya kuku yanaatamiwa siku 21, lakini vifaranga hawatoki wote kwa pamoja kama abiria wanaoshuka kwenye basi. Kati ya wa kwanza na wa mwisho inaweza kupita siku nzima au zaidi, na mashine hufunguliwa wengi wao wakishatoka na kukauka. Mashine ile ilifunguliwa Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo waliotangulia walikuwa duniani tangu Jumapili asubuhi. Jumatatu wakachaguliwa, wakachanjwa, wakafungwa kwenye maboksi, wakalala kwenye stoo ya wakala. Jumanne alfajiri wakapanda basi. Saa 2 usiku wakashuka Makambako, bodaboda ikawafikisha bandani saa 4 usiku. Hadi hapo waliotangulia wamemaliza kama saa 62.

Halafu ndiyo jiko la mkaa likawashwa. Banda lilikuwa la baridi, maranda ya baridi, na maji yametoka kisimani muda uleule. Vifaranga walijikunyata kwenye kona moja hadi kunakucha. Wengi walikunywa maji kwa mara ya kwanza Jumatano asubuhi, saa 70 baada ya wenzao wa kwanza kutotolewa.

Sasa niambie, zile siku tatu ziko wapi? Sisi tulikuwa tunahesabu kuanzia basi lilipoondoka. Mwili wa kifaranga ulikuwa unahesabu kuanzia ganda lilipopasuka.

Ni kweli kiini cha yai kinachobaki tumboni kinaweza kumshikilia kifaranga hadi karibu saa 72. Hilo tulifundishwa chuoni na halijabadilika. Lakini ule ni mpaka wa mwisho wa uvumilivu, kama taa nyekundu ya mafuta kwenye gari. Hakuna dereva mwenye akili anayepanga safari ya kufika taa inapozimika. Isitoshe, hesabu hiyo inamhusu kifaranga aliye kwenye joto sahihi. Ukimpiga baridi au ukimpika kwenye buti, akiba anaitumia haraka kupigania uhai, au anashindwa kabisa kuitumia.

Msimamo wangu ni huu: safari ni sehemu ya ulezi, tena ndiyo siku ya kwanza ya ulezi, na mwenye jukumu nayo ni wewe unayetoa hela. Kama hujapanga safari na banda halijapata joto, usilipe.

Bei chee inaishia wapi

Najua mtasema, "Afisa, sisi tunaangalia bei." Sawa, tuangalie bei. Kikundi kile kilinunua kwa 1,500 kila kimoja, jumla 750,000. Mtotoleshaji wa karibu zaidi, wa Iringa, alikuwa anauza 1,800, ambayo ingekuwa 900,000. Wakajiona wameokoa 150,000. Vifaranga 140 waliokufa ni sawa na 210,000. Gawanya 750,000 kwa 360 waliobaki: kila aliye hai amewagharimu 2,083. Wangenunua wa 1,800 na hata wangekufa 15, kila mmoja angewagharimu 1,856.

Na hapo sijagusa wale waliobaki. Kuna mfugaji aliwahi kuniambia, "Mimi nimeagiza mbali mara nyingi na hawafi." Nikamuuliza, "Umewahi kuwapima siku ya saba?" Hajawahi. Kifaranga wa kuku wa nyama aliyeanza na gramu 40 anatakiwa afike gramu 160 au zaidi siku ya saba. Aliyefika kwako amekauka hawezi kuifikia kirahisi. Unabaki na banda lenye kuku wa saizi tatu, chakula kinaliwa, mteja anachagua wakubwa na wadogo wanabaki kukulia mtaji. Hasara hiyo huioni kwa sababu haina mzoga wa kuzika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma hela

Kijana ukinunua simu unauliza maswali ishirini. Kwa vifaranga wa 750,000 uliza walau haya manne.

Mashine imefunguliwa lini na saa ngapi? Usikubali jibu la "ni wa siku moja". Ongeza hapo siku nzima kwa waliotangulia kutoka, ongeza saa za safari, ongeza saa za kutoka stendi hadi bandani. Ikivuka saa 48, mimi ningetafuta muuzaji wa karibu au ningebadili tarehe.

Wamechanjwa nini? Chanjo ya mareksi hutolewa kwa sindano pale pale kwa mtotoleshaji, siku ya kwanza. Ukishawafikisha nyumbani umechelewa. Kwa kuku wa mayai na chotara wanaokaa muda mrefu, usinunue bila hiyo. Dai maandishi yenye tarehe ya kutotolewa, aina ya kuku na chanjo walizopata, ili ujue uanzie wapi na kideri na gumboro.

Wanatoka kwa mtotoleshaji gani? Wakala asiyetaka kusema mara nyingi amechanganya vifaranga wa mashine tofauti na siku tofauti. Wa njia za panya kutoka nje ya nchi ndiyo kabisa usiwaguse. Wengi mnakumbuka vifaranga 6,400 walioteketezwa Namanga mwaka 2017 kwa sababu waliingizwa kinyume cha sheria. Aliyenunua mzigo wa namna ile hana pa kulalamika.

Wakifa njiani tunafanyaje? Watotoleshaji wengi huongeza vifaranga wawili kwa kila mia kufidia vifo vya kawaida. Zaidi ya hapo, kubalianeni mapema kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. Ukipokea, hesabu palepale, piga picha waliokufa, mpigie muuzaji saa ileile. Ukipiga siku ya tatu anakuona unatafuta wa kumbebesha mzigo.

Kama unaweza kwenda mwenyewe, nenda. Shika kifaranga: kitovu kiwe kimefunga na kikavu, macho maangavu, makalio hayana kinyesi kilichoganda, ngozi ya miguu inang'aa. Mlaze chali. Mzima anajigeuza na kusimama ndani ya sekunde chache.

Njiani

Barabara yetu ni mtihani. Boksi linatoka Dar kwenye joto, mchana linapita Ruaha Mbuyuni ambako hata wewe abiria unafungua dirisha, linapanda Kitonga, na saa chache baadaye liko Mafinga baridi inakata. Boksi ni lile lile na vifaranga ni wale wale. Kwa hiyo kumkabidhi kondakta na kumwambia "niangalizie" haitoshi.

Boksi la vifaranga mia liwe na vyumba vinne, 25 kila chumba, na matundu yote wazi. Lisikae kwenye buti kati ya magunia, lisikae juu ya injini, lisipigwe upepo moja kwa moja. Kati ya boksi na boksi acha nafasi ya kiganja. Awepo mtu wa kusindikiza mwenye kusikiliza: wakilia kwa kelele kali bila kunyamaza ni baridi au shida nyingine, wakihema midomo wazi ni joto. Sehemu ya joto, afungue hewa. Wakianza kupanda mlima, azuie upepo bila kuziba matundu.

Ushauri ninaoupenda zaidi ni huu: unganeni. Wafugaji wanne wa njia moja wakiagiza 500 kila mmoja, hao ni 2,000. Wanaweza kukodi gari dogo lililofunikwa, wakasafiri usiku kuepuka joto la mabondeni na kufika asubuhi wakati kila mtu yuko macho. Gharama mnagawana.

Wakifika

Jiko liwake tangu jana yake, hasa huku kwetu. Maranda yenyewe yapate joto, maana kifaranga anasimama kwa miguu mitupu. Pale wanapokaa iwe nyuzi 32 hadi 35. Acha tundu la hewa juu, moshi wa mkaa unaua kuku na unaua mtu. Maji yawe vuguvugu yenye glukosi kidogo, na yawepo kabla hujafungua boksi. Wachovye midomo wachache, wengine wataiga. Chakula kifuate muda mfupi baadaye, kimwage juu ya magazeti wakione.

Kisha weka miguu ya kifaranga shavuni mwako. Ikiwa ya baridi, kifaranga ana baridi, hata kama wewe unatokwa jasho. Kesho yake asubuhi papasa shingo chini: karibu wote wawe na gole lililojaa na laini. Lililo tupu maana yake hajaona chakula. Lililo gumu maana yake hajanywa.

Na tafadhali, tuache tabia ya kukimbilia antibiotiki kwenye maji ya siku ya kwanza "kwa ajili ya uchovu wa safari". Hakuna dawa inayochukua nafasi ya joto. Ukiona vifo, niite mimi au afisa mifugo wa kata yako apasue kwanza.

Kile kikundi bado kipo. Waliuza wale 360 kwa taabu, wakarejesha mkopo wakichelewa. Awamu iliyofuata walinipigia na swali jingine kabisa: "Bwana mifugo, mashine inafunguliwa Alhamisi saa 12 asubuhi, tunawapokea saa 11 jioni siku hiyohiyo, jiko linawaka tangu leo. Kuna tulichosahau?" Safari hii sikukata simu haraka. Niliwauliza kuhusu tundu la hewa.

Basi ukisikia tena kwamba kifaranga anavumilia siku tatu, muulize anayekwambia: kuanzia lini? Tukutane bandani.