Mtoto wa iniversite angali mtoto wa nyumba

Wandugu watumikaji, kila mwanzo wa mwaka biro ya mishahara inaomba karatasi za familia, na kila mwaka sisi wa sendika tunapokea malalamiko yaleyale: mtoto ametolewa kwenye liste. Kisa? Amemaliza sekondere, amefikisha miaka 18, ameenda kusoma mbali. Wanasema: "Huyu ni mkubwa sasa, hayuko tena kwako."

Hiyo si haki. Sheria ya tarehe 10 Februari 1969 juu ya kodi za mapato ilikuwa inampunguzia mtumikaji IPR kwa asilimia 2 kwa kila mtu anayemtunza, mpaka watu 9. Kwa watoto ilikuwa inaangalia kama hajaoa wala kuolewa, kama ni wa nyumba yako, na kama hana mapato yake mwenyewe ya kutosha. Basi mwanafunzi wa UNILU anayekodi chumba Lubumbashi, anayengoja baba atume unga na minervali, ana nyumba gani ingine? Sisi wenyewe tunatumika Kolwezi, familia zimebaki hapa Sanga, Kamina. Kama ni kulala chini ya paa moja tu, hata bibi zetu hatungewaandika! Nyumba ni sufuria, si kitanda.

Tupige hesabu. Chukua mshahara wa kukatwa kodi wa 600.000 FC kwa mwezi, ni kusema 7.200.000 kwa mwaka. Kwa 1.944.000 za kwanza, kwa IPR ile Leta ilikuwa inakata asilimia 3. Kwa zinazobaki, asilimia 15. IPR ilikuwa inafika 846.720 kwa mwaka, ao 70.560 kwa mwezi. Mtoto mmoja alikuwa anapunguza asilimia 2 ya ile kodi, si ya mshahara: 1.411 FC kwa mwezi. Kwa mwaka mzima haikufika 17.000.

Mwingine atauliza: tugombane juu ya pesa ya mkate? Ndiyo, kwa sababu mara nyingi liste ni moja. Jina likifutwa kwa kodi, linapotea pia kwa alokasio za familia na kwa matunzo ya hospitali, na Code du travail ya 2002 inamlazimisha mwajiri kutunza mgonjwa wa familia ya mtumikaji. Siku malaria inamkamata mtoto, hapo ndipo unajua bei ya lile jina.

Tena, asilimia 2 ilikuwa ileile kwa mtoto anayenyonya na kwa mwanafunzi anayelipa minervali, nyumba na vitabu. Wabunge wetu wa Haut-Lomami wanaijua hali hii, maana na wao wanasomesha. Walete pendekezo Kinshasa: mwanafunzi ahesabiwe zaidi.

Kwa kungojea, tufanye yetu. Leta atestasio ya kuandikishwa kwa iniversite kila mwaka wa masomo, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Baki na kopi yenye kupigwa stampu. Kila mwezi angalia kwa fishi ya malipo hesabu ya watu wako. Wakikataa, omba wakuandikie sababu, kisha muone delege wako. Na waajiri tunawaomba jambo moja: musifute jina la mtoto mbele ya kumuuliza mzazi.