TAHARIRI: "Ujumbe Umefika" Kwa Nani?

Mwenye kusikiliza redio za wilayani nyakati za asubuhi amekwisha kuizoea sauti hii. Mama anapiga simu na kueleza kuwa zahanati ya kijiji chao haina dawa tangu mwezi uliopita. Mtangazaji anasikitika, anamshukuru, kisha anasema: "Mama, ujumbe umefika." Unafuata muziki. Nasi twauliza: umefika kwa nani?

Hatusemi haya kwa kuzidharau redio hizo. Kabla ya Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993, Tanzania Bara haikuwa na redio ila ya serikali, na raia kazi yake ilikuwa kusikiliza. Leo Sengerema na Pangani wana redio zao, na hata Wamasai wa Terrat kule Simanjiro wanayo. Haja ya redio hizi ilizidi Januari 2016, serikali ilipotangaza kuwa televisheni ya taifa itaacha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao vya Bunge, kwa hoja ya gharama.

Lakini malalamiko ni kitu kimoja, na kudai hesabu ni kitu kingine. Mlalamikaji husema dawa hazipo. Mwenye kudai hesabu huuliza zimetengwa shilingi ngapi, zimepokewa ngapi, nani aliweka saini. Tena sheria haikumnyima nafasi hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Ni vijiji vingapi ambavyo redio yao ya jirani imewahi kuuliza kama mkutano huo ulifanyika? Kadhalika, kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, hutoa ripoti yenye kuzitaja halmashauri kwa majina. Siku mbili tatu magazeti ya Dar es Salaam huijadili kwa mabilioni ya taifa zima, kisha inawekwa kabatini, ilhali ukurasa unaoihusu wilaya yenyewe haujasomwa hewani hata mara moja.

Woga wa vituo tunaufahamu. Februari 2013 mamlaka ya mawasiliano ilivifungia kwa miezi sita vituo viwili vya dini, kimoja cha Kiislamu Morogoro na kingine cha Kikristo Mwanza, kwa tuhuma za uchochezi. Aidha, kituo kinachoishi kwa matangazo ya halmashauri hakimkaripii mkurugenzi wake. (Wala hatuhitaji kueleza habari za bahasha, wasomaji wetu wanazijua.) Hata hivyo, aliyeshika tarakimu za Mkaguzi mkononi hana haja ya kupaza sauti, na ni vigumu kumwita mchochezi mtu anayesoma waraka wa serikali yenyewe.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 30 za kumjibu raia aliyeomba taarifa. Basi mtangazaji na aandike tarehe aliyopiga simu yule mama, apeleke ombi kwa maandishi, na siku ya 31 ampigie mama huyo hewani, mkurugenzi akiwa amealikwa studio. Kiti chake kikibaki kitupu, wasikilizaji waambiwe kuwa ki kitupu, na wiki ifuatayo waambiwe tena.