Fishi ya mgonjwa isipotee njiani

Wandugu vijana wa Bunia,

Mama amekimbia Djugu usiku. Amebeba mtoto, sufuria na simu. Fishi ya chanjo imebaki ndani ya nyumba, na nyumba imechomwa. Akifika kambi ya Kigonze, munganga anamuuliza: «Mtoto alichanjwa nini?» Atajibu nini? Na mwenye kunywa dawa za presha, za kisukari ao za SIDA anaanza tena kueleza yote kwa kichwa tu.

Kwa hiyo tunasema: kuandika habari za wagonjwa ndani ya kompyuta si anasa ya Kinshasa. Hapa kwetu ndipo inahitajika mbele. Leo zoni za afya zinaingiza hesabu ndani ya DHIS2: malaria ngapi, vifo ngapi. Hesabu hizo zinaonyesha ugonjwa ukianza kupanda, lakini hazimjui yule mama. Kinachomfuata mgonjwa bado ni kaye na fishi.

Simu nazo zinaponya na zinaua. Tukumbuke Ebola, Agosti 2018 mpaka Juni 2020: wagonjwa 3.470, wafu 2.287, wengi Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kwenye WhatsApp ilisemwa ni biashara, chanjo ni sumu. Kuna waliowaficha wagonjwa wao. Lakini tuseme ukweli: uongo ulipata njia juu watu walikuwa wanauawa miaka na miaka, bila kuona msaada kama ule wa Ebola. Simu haikuzaa mashaka hayo. Iliyabeba tu.

Tunaomba:

1. Wakubwa wa afya waanze na kambi za wakimbizi wa vita. Chanjo na dawa za kila siku ziandikwe mahali kituo kingine kinaweza kusoma. Waweke na solar: bila umeme, kompyuta ni sanduku. Karatasi ibaki pembeni.

2. Siri ilindwe. Code du numérique ya Machi 2023 inalinda habari za mtu; ifuatwe. Katika jimbo ambamo jina na kijiji vinatosha kukuletea kifo, orodha ya wagonjwa si kitu cha kuchezea.

3. Na sisi wenyewe: usirushe audio ambayo hujui imetoka wapi. Muulize munganga kwanza. Na leo hii piga picha ya fishi ya mama yako na ya wadogo zako. Hiyo haiombi mega hata moja.

Matunzo ni haki ya raia, hata akiwa mbioni.

Bunia, tuko macho!