Msimamizi wa ujenzi apatikane kabla ya msingi

Mimi ni mkazi wa Asiatique, Bujumbura, na kinachonikera ni majengo ya umma kuchimbwa msingi kabla msimamizi wa ujenzi hajaajiriwa. Anakuja zege limeshakauka, naye anatia saini kazi ambayo hakuiona.

Jirani na kwetu lilijengwa jengo dogo la umma. Nilipita pale mchana, jua kali: kijana anakoroga zege chini kwa chepe, anaongeza maji ndoo kwa ndoo ili lilainike, na hakuna anayepima. Nikauliza msimamizi yuko wapi. "Atakuja, mzee." Hata kulimwagilia maji siku zilizofuata hawakulimwagilia, ingawa kila fundi anajua zege changa linataka unyevu siku 7 angalau. Masika ya kwanza tu, ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini.

Na huku kwetu ni bondeni, jengo dhaifu halihimili mafuriko. Aprili 2024 tuliona maji ya Ziwa Tanganyika yakiingia majumbani. Tena tangu soko kuu la Bujumbura liungue Januari 27, 2013, tunajua hasara ya jengo la wote humwangukia nani: mama muuza vitenge.

Naiomba manispaa itangaze nafasi ya msimamizi hadharani na mapema, impe injinia mwenye uzoefu, na jina lake liandikwe kwenye kibao cha ujenzi. Wasomaji wenzangu wa Buyenzi na Bwiza, nanyi andikeni mliyoyaona.

Mkazi wa Asiatique,
Bujumbura