Gesi ya Ng'ombe na Maziwa ya Mtoto

Ujumbe kwamba nyama na maziwa huharibu tabianchi, na kwamba kila anayeijali dunia avipunguze, sasa unasikika hata katika mafunzo ya lishe. Ujumbe huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, ukifikishwa jinsi ulivyo katika kliniki ya mama na mtoto huko Longido au Simanjiro, unaweza kumdhuru mtu ambaye mchango wake katika tatizo ni mdogo mno. Mtoa huduma za afya hawapi wagonjwa wote dozi moja. Ushauri huu nao unahitaji kipimo.

Ukweli wa kisayansi haupingiki. Nyasi alizokula ng'ombe huchachushwa na vijidudu katika tumbo lake la kwanza, na hapo hutengenezwa gesi ya methani, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka mdomoni kwa njia ya mbweu. Methani hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, lakini katika hesabu ya miaka 100 tani moja ya gesi hiyo huipasha dunia joto mara 27 hivi kuliko tani moja ya kabonidioksidi. Samadi na mkojo hutoa gesi ya nitrasi oksidi, yenye nguvu zaidi ya mara 270. Mwaka 2013, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba ufugaji wote duniani huchangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Makadirio yake ya mwaka 2023 ni takriban asilimia 12.

Ugumu unaanza pale gesi hiyo inapolinganishwa na chakula kinachopatikana. Kwa mujibu wa miongozo ya kimataifa ya mwaka 2006, ng'ombe wa maziwa barani Afrika hutoa methani isiyofika kilo 50 kwa mwaka, ilhali mwenzake wa Marekani ya Kaskazini hutoa zaidi ya kilo 120. Lakini yule wa Marekani ya Kaskazini alikadiriwa kutoa maziwa zaidi ya kilo 8,000 kwa mwaka, na wa Afrika chini ya kilo 500. Kwa hiyo ng'ombe wa malisho ya Afrika hutoa gesi kidogo kwa kichwa, lakini nyingi kwa kila lita ya maziwa. Sababu zake zinajulikana: nyasi ngumu za kiangazi, safari ndefu za kutafuta maji, na maradhi.

Maradhi ndiyo yanayoiunganisha hoja hii na zahanati. Ng'ombe aliyetupa mimba kwa sababu ya brusela ameendelea kula na kubeua kwa miezi mingi bila kumpatia mfugaji ndama, na maziwa yake hupungua. Vimelea hivyo hivyo humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi, au mikono iliyomsaidia mnyama kuzaa, na kumletea homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Mara nyingi mgonjwa hutibiwa malaria au taifodi bila kupata nafuu. Ugonjwa mmoja huumiza mfugo, familia na anga kwa pamoja. Anayeudhibiti hutibu vyote vitatu.

Ndivyo ilivyo pia kwa ndigana kali, inayoenezwa na kupe na kuua ndama wengi Afrika Mashariki. Chanjo yake ipo, na hutolewa mara moja. Wapo watakaosema kwamba ndama wakipona, kundi litakua na gesi itaongezeka. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mfugaji huweka ng'ombe wengi kwa kuwa anajua baadhi watakufa. Kundi kubwa ndiyo akiba yake dhidi ya ukame kama ule ulioua maelfu ya mifugo Simanjiro mwanzoni mwa mwaka 2022. Akiwa na uhakika wa chanjo, malisho na soko, anaweza kuuza mapema na kubaki na wachache wenye tija. Bila uhakika huo, kumtaka apunguze kundi ni kumtaka aitupe akiba yake.

Nani basi apunguze ulaji? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate kila siku vyakula vya asili ya wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kumwondolea mtoto wa aina hiyo kikombe cha maziwa kwa jina la tabianchi ni kosa la kitabibu na la kimaadili.

Kwa upande mwingine, yupo mkazi wa mjini ambaye nyama choma ni mlo wake wa karibu kila jioni. Mamlaka za utafiti wa saratani hushauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, na tangu mwaka 2015 nyama zilizosindikwa, kama soseji, zimeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Kwa mtu huyu, kupunguza ni faida kwa utumbo wake na kwa anga.

Hivyo basi, kabla ya kushauri, mtoa huduma aulize mgonjwa anakula nini na kiasi gani. Familia ya mfugaji ihimizwe kuchemsha maziwa, kuchanja ndama na kutoa taarifa za mimba zinazotupwa. Zahanati na ofisi ya mifugo, ambazo mara nyingi hufanya kazi bila kuwasiliana, zibadilishane taarifa hizo kila mwezi. Gesi ya ng'ombe ipunguzwe kwa kumponya ng'ombe, na kwa kumshauri anayekula kupita kiasi. Kikombe cha mtoto kiachwe kijae.